Mazabodi nyeupe au nyeusi: dogo ni Simba, binamu ni Yanga, kila mtu anataka PC ya rangi yake

Wiki mbili zilizopita dogo kanipigia kutoka Moshi, yuko Pasua kapanga chumba na binamu yetu, kaniamkia shikamoo bro alaf hata marahaba sijamaliza ananiambia hela ya PC nishapata ila nataka iwe nyekundu na nyeupe, Mnyama tupu. Nyuma nasikia binamu anapaza sauti, kaka na mimi ya kwangu iwe ya Wananchi, kijani na njano, usinisahau. Usiku huohuo wakanitumia picha za mazabodi (motherboard, ule ubao mkubwa ambao kila kifaa cha PC kinachomekwa), kama kumi na tano hivi, na nilivyozicheki nikaona wote wamechagua kwa macho tu, humo kuna ya Intel, kuna ya AMD, kuna ya RAM za DDR3, kuna ya DDR5 (vizazi vya RAM visivyoingiliana), zinachofanana ni rangi basi.

Sasa mimi huku Arusha nimeunganisha PC za kutosha kwahiyo nikaona badala ya kuwajibu voisi noti moja moja niandike yote hapa na wengine wenye wazo kama lao wasome. Na niseme mapema, mimi napenda PC za rangi, sioni kama ni utoto, mtu anakaa nayo chumbani miaka mitano kwanini isiwe ya kumfurahisha. Ila mazabodi ndo kitu pekee humo ndani ambacho ukikosea rangi huwezi kubadilisha bila kung'oa kila kitu, feni unabadilisha, taa unabadilisha kwa simu au rimoti, waya unabadilisha, mazabodi hapana.

Kitu cha kwanza nilichomuuliza dogo ni hiki, ukishamaliza kufunga, mazabodi yenyewe utaiona wapi? Kaa chini ufikirie. Juu kushoto kuna hitisinki, yale mabati ya kupoozea yanayozunguka prosesa, hapo utaona vizuri. Katikati panakaa feni ya prosesa, inaziba. Kulia RAM zinaziba. Chini ya hapo inalala kadi ya grafiki (GPU) na kadi za siku hizi ni nene, nyingine zinakula nafasi ya sloti tatu, kwahiyo nusu yote ya chini inafunikwa. Kinachobaki ni hitisinki za juu, kale kamstari kati ya prosesa na GPU, na ukingo wa kulia kwenye waya mkubwa wa pini 24. Ndo maana mazabodi yenye ubao mweusi na mabati meupe ukiifunga inaonekana karibu nyeupe kabisa, na ile nyeupe mpaka kwenye ubao ambayo unailipia zaidi, sehemu kubwa ya huo weupe inaenda kulala chini ya GPU. Hii ilimshangaza sana dogo kwa sababu kwenye picha za dukani mazabodi inapigwa ikiwa tupu.

Alaf kuna zile za mtego. Binamu alituma moja, nyekundu na nyeusi, ya MSI ya mwaka 2014 hivi, zile za Z97, akasema kaka hii si ya timu yangu ila muonyeshe dogo ni bei ya kutupa. Ni kweli miaka ile mazabodi za gemu nyingi zilikua nyekundu na nyeusi, zinapendeza hadi leo. Lakini Z97 ni ya Intel ya kizazi cha nne na cha tano, RAM ni DDR3, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, wakati Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu Oktoba 14, 2025. Kwahiyo unanunua rangi alaf unakaa na mashine isiyo na pa kwenda. Hapana. Ya Intel mpya sikuwapeleka kabisa, soketi (pale prosesa inapokaa) ya LGA1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14 alaf 2024 ikaja nyingine, LGA1851, na hawa wawili wanataka kununua kidogo kidogo na kuongeza mbele ya safari.

Kwahiyo swali la rangi linakuja la pili, la kwanza ni soketi, na kwa AMD soketi ziko mbili za kuzungumzia, AM4 na AM5. AM4 ndo ya prosesa za Ryzen tangu 2017, inatumia DDR4, vifaa vyake vimejaa, vipya na vya mkononi, na ukitaka kuipandisha baadae bado unaweza kuwinda Ryzen 7 5800X3D ya 2022 au 5700X3D ya 2024 ambazo kwenye gemu zinafanya kazi ya maana hadi leo. AM5 imekuja 2022 na Ryzen 7000, inataka DDR5, na AMD wenyewe wameshasema wataiendeleza mpaka 2027 na kuendelea, yaani mazabodi unayonunua leo prosesa ya miaka ijayo ina nafasi kubwa ya kukaa humo.

Kuna kitu kimoja kuhusu hizi mbili watu wa bajeti huwa hawaambiwi, na mimi naona ni kikubwa kuliko rangi. Ryzen 5 5600 ya AM4 haina grafiki ndani. Usipokua na GPU kioo kinabaki cheusi, PC inawaka feni zinazunguka huoni kitu. Ila Ryzen 5 7600 ya AM5 ina grafiki ndogo ndani yake, sio ya gemu kubwa, lakini unawasha, unaweka Windows, unaangalia muvi, unafanya kazi za chuo wakati unadunduliza hela ya kadi. Angalia herufi ya mwisho tu, 7500F haina, ile F maana yake grafiki haipo. Dogo hela yake ni ya awamu, GPU atanunua akipata mkopo wa muhula unaofuata, wakati binamu ana kadi ya RX 580 tayari aliyoitoa kwenye PC ya zamani. Unaona hapo tayari wameshagawanyika na bado hatujagusa rangi.

Haya sasa rangi. Tuanze na Mnyama kwa sababu nyeupe ndo ina kazi.

Kwa nyeupe ya AM4 chaguo langu ni ASUS ROG Strix B550-A Gaming. Ubao mweusi, mabati meupe ya kifedha fedha, na kama nilivyosema ukishafunga unaona weupe zaidi kuliko weusi. Ni ATX kamili, yaani saizi kubwa ya kawaida, sloti mbili za M.2 za kuweka SSD, ya kwanza inakwenda spidi ya PCIe 4.0 na ya pili 3.0, waya wa mtandao wa giga 2.5. Tatizo lake, haina waifai. Huku kwetu hiyo sio kitu kidogo, nyumba ngapi za kupanga zina waya wa intaneti ukutani? Watu tunatumia hotispoti ya simu au rauta ya jirani mmelipia wote. Kwahiyo ongeza hela ya kadi ya waifai au kale ka USB, na kale ka USB ukipiga gemu za online utakichukia.

Kwa nyeupe ya AM5 kuna Gigabyte B650M Aorus Elite AX Ice. Hii ni nyeupe hadi ubao, ukiiona mkononi inapendeza aisee, inaonekana kama barafu ya Kibo asubuhi kabla wingu halijapanda. Waifai imo, mtandao wa giga 2.5 upo, sloti nne za RAM, sloti mbili za M.2. Ila hiyo M kwenye B650M maana yake ni ATX ndogo, sentimita 24.4 kwa 24.4, wakati ATX kamili ina urefu wa 30.5. Ukiiweka kwenye keisi kubwa chini panabaki wazi kama sentimita 6, na kama keisi ndani ni nyeusi huo weusi unakaa hapo unakutazama kila siku. Ama ununue keisi ndogo ya saizi yake ama keisi nyeupe ndani. Iko pia B650 Aorus Elite AX Ice isiyo na M, hiyo ni ATX kamili, bei inapanda.

Dogo alikua ameipenda pia MSI B650M Project Zero, hii nayo nyeupe, na ni ya aina yake, sehemu zote za kuchomeka waya ziko nyuma ya mazabodi. Mbele huoni waya, safi kabisa kama sebule ya bibi harusi. Nikamwambia ni nzuri kweli ila haikai kwenye keisi yoyote, lazima keisi iwe imetobolewa nyuma kwa ajili ya hizo plagi, na keisi hizo kuzipata Arusha au Moshi ni shughuli, utaagiza Dar au Nairobi, na keisi ni mzigo mkubwa wenye kioo, unakuja kwenye buti la basi pamoja na magunia. Sijaimalizia hapo, nikamuonyesha kitu kingine, rangi ya Simba kwenye PC njia ya bei rahisi kuliko zote ni waya. Zile ekstensheni za waya zilizosukwa, nyekundu na nyeupe kwa mistari, za pini 24 na za GPU, zinakaa mbele pale pale jicho linapotua. Ukinunua mazabodi inayoficha waya umejinyima hiyo. Hapo akakaa kimya kidogo alaf akasema bro basi hiyo toa.

Upande wa Wananchi ilikua rahisi kuliko nilivyodhani. Binamu alitafuta mazabodi ya kijani na njano siku tatu hakuna ya maana, na mimi nikamkumbusha jezi ya Yanga ina rangi ya tatu, nyeusi. Mazabodi nyeusi ndo zimejaa, ndo zina bei nzuri, alaf kijani na njano ziende kwenye waya na taa. Nikampa MSI MAG B550 Tomahawk. Ni AM4, nyeusi na kijivu, VRM yake ni nzito, yaani ile sehemu inayopokea umeme wa volti 12 kutoka pawa saplai na kuushusha uwe mdogo wa kulisha prosesa, hitisinki zake ni nene kweli, na ina matundu mawili ya waya wa mtandao, moja giga 2.5 na jingine giga 1. Waifai haina, sawa na Strix.

Ukiziweka hizi mbili za B550 ubavu kwa ubavu, Tomahawk na Strix B550-A, kwenye gemu hutaona tofauti, prosesa ileile na kadi ileile fremu zinatoka zilezile. Unachoongeza kwenye Strix ni sura. Na sio mazabodi tu, ukienda nyeupe kila kitu kinafuata, RAM nyeupe, feni nyeupe, GPU nyeupe, waya mweupe, na karibu kila kimoja kina nyongeza juu ya kile cheusi na madukani ni vichache. Mimi huwa naita kodi ya weupe. Kama hela yako inaishia kwenye mazabodi nyeupe alaf GPU ni nyeusi na RAM ni zile za kijani tupu bila koti, itaonekana kama ukuta uliopakwa rangi nusu, bora nyeusi yote na taa.

Kuhusu taa, nyeupe inashinda na sio kidogo. Taa ikipiga kwenye mabati meupe inatandaa, ukiweka nyekundu ndani yote inakua nyekundu, ukiweka bluu inakua bluu, kwahiyo PC nyeupe kwa kweli ina rangi zote. Nyeusi inameza mwanga, unaona taa zenyewe na kingo tu. Kwa binamu hii haina shida maana kijani na njano zikitandaa zikachanganyika unapata rangi moja ya limao isiyo ya timu yoyote, kwenye nyeusi kila rangi inakaa kwake.

Sasa hapa naomba msome polepole. Taa ziko za aina mbili na mazabodi ina pini za aina mbili. Kuna za pini tatu, volti 5, hizi ndo ARGB, kila taa inaweza kuwa na rangi yake. Kuna za pini nne, volti 12, hizo zote zinakua rangi moja kwa wakati mmoja. Simba nyekundu na nyeupe kwa pamoja, au kijani na njano kwa pamoja kwenye feni moja, unahitaji za volti 5. Na usichomeke ya volti 5 kwenye pini za volti 12. Mimi nilishafanya hivyo, nilikua namfungia mteja Sakina, umeme ukakatika nikaendelea kwa tochi ya simu maana nilimuahidi asubuhi, nikasukuma plagi ikaingia pembeni pasipo pake, umeme uliporudi nikawasha, feni tatu taa zote zikafa palepale. Nililipa mwenyewe na iliniuma sana kwa sababu zilikua feni nzuri na yule mteja alizisubiri wiki mbili. Toka siku hiyo nasoma maandishi ya kwenye ubao kila mara, na kuchomeka taa gizani sifanyi tena. Hizi nilizotaja za B550 zina pini za aina zote mbili. Zile za zamani nyeupe za mkononi, kama MSI B350 Tomahawk Arctic ya 2017, ambayo ni nzuri kwa macho na bei yake inavutia, enzi zile pini za volti 5 hazikua za kawaida, kwahiyo ukizipata utanunua habu ya taa yenye rimoti yake pembeni. Sio mbaya, ila ihesabu.

Na usichanganye makampuni ovyo kama unataka taa zote zitii sehemu moja. ASUS ana Aura, MSI ana Mystic Light, Gigabyte ana RGB Fusion, kila mmoja programu yake. Ipo ya bure inaitwa OpenRGB inajaribu kuzishika zote, mimi naitumia na mara nyingi inakubali.

Vumbi. Nyeupe inaonyesha vumbi, na vumbi letu ni jekundu, kiangazi ukiwa unakaa barabara ya vumbi ndani ya mwezi mabati yanaanza kuonekana yamechoka. Unahitaji keisi yenye wavu mbele na brashi laini, dakika kumi kila wiki mbili. Usiweke pia mahali jua la dirishani linapiga, plastiki nyeupe inageuka manjano taratibu na hiyo haitoki. Moshi nako joto ni zaidi ya huku kwetu, kwahiyo feni za kuvuta hewa mbele ziwe mbili angalau, na hapo ndo hitisinki nene ya VRM inakua na maana, sio urembo. Na hata kabla ya taa, UPS au stabilaiza, tafadhali, umeme ukienda na kurudi kwa nguvu hauangalii rangi.

Kingine cha kuuliza dukani ni kile kitufe cha nyuma cha kubadilisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha PC) kwa flashi bila prosesa. Mazabodi za B550 zilitoka katikati ya 2020, na Ryzen 5000 zikaja mwishoni mwa mwaka uleule, kwahiyo boksi lililokaa stoo linaweza kuja na BIOS ya zamani isiyoijua prosesa yako. B650 na Ryzen 9000 ya 2024 ni hivohivo. Bila kitufe unahitaji uazimwe prosesa ya zamani, na Moshi utaazimwa na nani? Strix na Tomahawk wanacho, Aorus nao wanacho wanaita Q-Flash Plus.

Ukinunua ya mkononi, AM4 na AM5 zinakaguliwa tofauti. AM4 pini ziko kwenye prosesa, soketi ni matundu tu. AM5 pini 1718 ziko kwenye mazabodi yenyewe, nyembamba kama nywele, moja ikipinda ndo basi tena. Washa tochi ya simu, inamisha, angalia mistari yote imelala upande mmoja. Muuzaji akikukatalia kufungua kile kifuniko cha soketi, ondoka. Na uliza kile kibati cha nyuma cha kuzunguka plagi kama hakijashikana na mazabodi, vinapoteaga sana.

Tulivyomaliza ikawa hivi. Dogo anachukua Aorus Elite AX Ice ile ndogo na Ryzen 5 7600 na keisi ndogo nyeupe, GPU itafuata, waya wa nyekundu na nyeupe nimemwambia asinunue kwanza mpaka ajue kadi yake inataka plagi ngapi. Binamu Tomahawk, Ryzen 5 5600, RX 580 yake ileile, na ekstensheni za waya za njano na kijani ambazo kazipata kabla hata ya prosesa. Mazabodi zote mbili zinatoka Dar kwa basi, zikifika stendi ya Moshi wasisaini mpaka wamefungua boksi, na ya dogo ndo ya kuangalia kwa tochi kwanza.